Mkia Wenye Jina la Babu

Duka langu liko Samail, nyuma ya kituo cha petroli,
linanuka salfa na magunia mapya.
Ghaniya kaketi juu ya ndoo ya mbolea,
sare ya shule bado mwilini, daftari magotini.
“Mama, maneno ya Kiingereza, tisa, yana mkia mmoja.
Mwalimu anataka maana, na Kilatini chake.”

Mkia wenyewe ni *saidi*.
Nikacheka: hilo si jina la babu yako?
Kwa Kiarabu cha hapa, mwenye heri.
Kwa Kiswahili alichotoka nacho Wete
akatulea nacho katikati ya milima hii isiyokijua,
limepakana ukuta na *saidia*.

“Siyo, Mama. Ni kuua.”

Akanisomea: *caedere*.
Kupiga, kukata, kuua.
Warumi walikuwa na kitenzi kimoja
cha mti na cha mtu.

Basi nikamwonyesha rafu, kamusi yangu ni vibandiko.
Pestisaidi: mbele tauni, nyuma kuua.
Herbisaidi: majani.
Fungisaidi: ukungu; hiyo ya buluu, riali tatu na nusu,
na usiifungue bila glavu.
Insektisaidi: mdudu,
ambaye kwa Kilatini jina lake ni “aliyekatwa vipande”,
maskini, tunamkata mara ya pili.

Yaliyobaki siyauzi.
Homisaidi, mtu.
Fratrisaidi, ndugu: Kabili alilitenda
kabla halijapata jina.
Rejisaidi, mfalme. Hapo tulishusha sauti,
mteja alikuwa mlangoni.
Suisaidi, nafsi yako mwenyewe;
nikamwambia aandike, asinitazame.
Jenosaidi, kizazi kizima,
na redio juu ya friji ilikuwa ikihesabu,
wala sikunyoosha mkono kuizima.

Akanywa maji. Kisha:
“Na *disaidi*? Haimo kwenye orodha.
Ile ya kukata shauri.”

Tukafungua kitabu. Imo.
Ukoo ule ule, damu ile ile:
kukata, na kilicho upande wa pili wa kisu
kinaachwa kife.

Nikatafuta pa kukaa.
Kumbe na sisi. Hakuna Mrumi aliyefika Wete
kutufundisha, lakini twakata shauri,
twakata tamaa, twakata kiu kwa gilasi moja,
na mwisho wa yote mtu hukata roho,
panga lile lile mikononi mwa kila lugha.

Nyuma ya nyumba upo mtende wa khalasi
alioupanda Saidi mwaka aliopata hati ya kiwanja.
Yeye hayupo, mwaka wa sita huu.
Fukusi mwekundu kaingia shinani;
ukiweka sikio unamsikia akitafuna,
kama mtu anayekula tosti chumba cha pili.
Nimepulizia. Nimechoma sindano kwenye gome.
Kila chupa yenye jina la baba yangu mkiani
nimeimimina pale, mtende haukusaidika.
Jumapili afisa wa wizara alichora alama ya rangi:
siku kumi na nne, kabla haujaambukiza jirani.
Leo ni ya kumi na mbili.

Nilimpigia Rafiqul mwenye msumeno wa mota.
Akauliza asubuhi au jioni.
Nikasema asubuhi, Ghaniya akiwa shuleni,
na Ghaniya alikuwa hapo, ananisikia.

Hakusema kitu. Pembeni mwa daftari,
kando ya Kilatini, akaandika neno letu,
bila *ku*, peke yake: *ua*.

Nikamwuliza, ua lipi hilo?
Amri? Lile linalochanua?
Au huko nyuma, mtende ulikosimama?

Akafunika kalamu.
Mteja wa mlangoni akaingia, akapanguza miwani,
akataka dawa ya mchwa,
isiyo na harufu, kama ipo.