Zamu ya Maji, Mudhaibi

Thuwaini, shika tende hii. Iachie.
Umeona? Haikuuliza njia.
Ardhi imeivuta, nayo tende, kwa uwezo wake mdogo,
imeivuta ardhi.
Usicheke. Ni kweli, ila ardhi ni nzito mno, haikushtuka.

Sikiliza falaji chini ya ukuta.
Hakuna pampu. Maji yametoka mlimani
mpaka kwenye mitende ya mjomba
kwa kuanguka tu,
polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Na mwezi, mbona hauanguki?
Swali lako la tangu Jumatatu.
Unaanguka, mdogo wangu. Hata sasa hivi.
Rusha kokwa: linatua karibu na kuku.
Kaza mkono: linavuka ukuta wa Bi Shinuna,
na maneno yake tutayasikia.
Haya, fikiri limerushwa kwa kasi
hata kila likishuka,
ardhi nayo imejikunja chini yake:
linaanguka, linakosa,
linaanguka, linakosa.
Huo ndio mwezi.

Zamani zamu za usiku zilipimwa kwa nyota.
Kilimia kikichomoza juu ya jabali,
huyu huziba mfereji wake kwa matambara na udongo,
jirani azibue wake.
Kilimia hakikupanda.
Ni sisi, na paa hili, na mbuzi waliolala,
tuliokuwa tukizunguka kuelekea mashariki.

Sasa mjomba anatazama simu.
Wewe lala chali.
Mbona umeng'ang'ania mkeka?
Huwezi kudondokea angani.
Umeshikwa.