Chaguo la Kumi na Moja

Aprili, na theluji nyeusi bado imejikunja
nyuma ya gereji ya matairi ya Kaczmarek
kama mbwa aliyekataa kuingia ndani.
Sisi tumeingia. Watu saba, runinga moja,
tumekalia matairi,
tunangoja timu yetu itaje jina.

Kumi wamekwisha kwenda,
vijana wa suti za kumetameta, mama zao wakilia,
na kila jina likitajwa Tadeusz anajipiga goti:
"Huyo alikuwa wetu!"
Wote walikuwa wetu. Angepewa wote kumi
angelalamikia rangi ya viatu vyao.

Delphine, nesi wa zamu ya usiku, anataka ukuta.
"Nipeni jitu la Iowa, kilo mia na hamsini,
lisilo na shingo.
Mrushaji wetu msimu uliopita
alilala chini kuliko alivyosimama.
Nimeshamfunga bandeji mtu wa namna ile.
Yule wangu aliangukiwa na kabati."

Tadeusz anataka mbio, yule mdakaji
apitaye katikati ya watu kama uvumi.
"Ukuta hauleti pointi," anasema.
"Na mbio Desemba zinaleta nini?
Upepo wa Erie ukishaudaka mpira
hauurudishi bila barua ya wakili."

Hapo ndipo paa huingia.
Kila mwaka tunaanza na mtoto wa watu,
tunaishia na mabati.
Orrin, muuza bima, anakunjua kitambaa cha karatasi,
anachora kuba, anachora watu wadogo wasio na makoti.
"Ezekeni kwanza, ndipo mchague!
Ndani hakuna upepo. Ndani mwepesi ni mfalme.
Nyuzi ishirini na moja mwaka mzima, kama benki."
"Kama benki," Delphine anasema, "na makato yake."
"Baridi ndiye mchezaji wetu bora!"
"Baridi hajawahi kudaka hata mpira mmoja!"
"Wala wewe!"

Mimi nilinyamaza.
Mimi ndiye huzoa hiyo theluji,
saa kumi alfajiri, siku ya mechi, kwa malipo ya saa,
kiti kimoja kimoja, kama mtu anayefukua viazi.
Safu ya thelathini na moja nimeokota
glavu ya kushoto, kijiko,
meno ya bandia ya mtu aliyeshangilia kupita kiasi.
Mgongo wangu umepiga kura ya paa zamani.
Lakini ipo dakika moja, taa zinapowashwa,
uwanja mweupe pe, mistari haijulikani iliko,
na hakuna hata mmoja wetu aliyeshindwa bado.
Hiyo siwezi kumweleza Orrin.
Haina bei ya kuandika kwenye kitambaa.

"Nyamazeni! Nyamazeni!"

Isidro Valtierra. Mlinzi wa nyuma. Kutoka Yuma, jangwani.

Si ukuta. Si mbio.
Hakuna aliyekuwa amemtaja, hata kwa kumtukana.
Tadeusz alifungua kinywa akakiacha hivyo.
Kijana akavaa kofia yetu, ikamkaa upande,
na mtangazaji akamuuliza: huko uendako, baridi je?
Akacheka kidogo, akatazama mikono yake.
"Theluji sijawahi kuishika.
Hivi, ni nzito?"

Gereji ikawa kimya, mpaka friji ya soda ikasikika ikinguruma.
Kisha Delphine, taratibu: "Asinunue soksi za pamba."
"Sufu," akasema Tadeusz.
"Sufu juu, hariri ndani."
"Hariri? Anakwenda harusini?"
"Anavaa buti namba ngapi, yule?"
Na Orrin akageuza kitambaa chake,
kuba likabaki chini, likilowa bia,
juu yake akaanza orodha: soksi, glavu, mafuta ya midomo.
Wakagombana upya, kwa furaha.

Runinga ilikuwa imeshafika chaguo la kumi na mbili
nilipomjibu.
Ikianguka, mwanangu, si nzito hata kidogo.
Ni baada ya watu kuikanyaga.