Mshika Mpira

Kazi yangu Nakasongola ilikuwa kushika mpira.
Si ule wa kupigwa teke. Mpira mweusi, mnene kama paja,
ulioacha harufu hata baada ya kuoga mara tatu,
hata Kabasinguzi, mke wangu, akanigeuzia mgongo mwezi mzima.

Usiku ule hatukuambiwa lolote.
Sajini Acidri alikuja na kurunzi iliyofungwa kitambaa,
akasema, "Kuna mgeni. Ana kiu. Msimuulize kabila."
Tukapanga makopo ya maziwa kandokando ya njia ya ndege,
mafuta ya taa, tambi za matambara.
Kumbikumbi walifika kwanza.
Halafu likafika dege.

Lilitoka kaskazini, ng'ambo ya jangwa,
refu, jembamba, mdomo kama wa korongo,
na tumboni lilibeba vitu ambavyo sikuviangalia.
Nilipanda ngazi, nikafungua kifuniko,
nikasikia tenki likivuta pumzi
kama ng'ombe aliyefika mtoni mwezi wa pili.

Likanywa.
Mikono ikafa ganzi, bado linakunywa.
Nikahesabu lita kama nilivyofundishwa:
elfu tano, elfu tisa, elfu kumi na nne.

Mwelekeza njia wao akashuka kunyoosha miguu.
Kijana, ndevu hazijajaa. Kiswahili chake maneno saba,
yaliyobaki aliyasema kwa vidole.
Akatoa kalamu mbili mfukoni, akachomoa kamba ya kiatu,
akanionyesha: ziko nchi ambako ndege hunywea huko huko juu.
Moja hushusha mpira, nyingine huja chini yake taratibu,
na zote mbili zinakwenda, hakuna inayosimama.
Nikamwambia kwa Kiruuli: hata ndama wa kwetu,
hunyonya huku mama anatembea,
akipigwa teke, anarudi.
Hakuelewa neno. Tulicheka sote wawili.
Kisha akatazama saa, akaonyesha kusini kwa kidevu,
akapanda juu mbio, kiatu kimoja kikipwaya.

Alfajiri lilirudi, jepesi, likirukaruka kwenye lami.
Wenzangu walikagua mabawa, wakitafuta matundu.
Mimi nilitumbukiza kijiti cha kupimia:
unyevu wa kidole kimoja.

Sikusoma sana, lakini hesabu hiyo naiweza.
Lita zilizoondoka, toa zilizorudi, gawanya kwa maili.
Hesabu ilivuka Kampala. Ikavuka ziwa.
Ikafika upande wa pili, penye watu waliokuwa bado kitandani,
au penye nyasi tu, na swala.
Hapo haikusema. Hesabu hufika mahali ikasimama,
ikakuachia wewe kwenda mbele peke yako.

Redio moja ilitangaza ushindi.
Nyingine ilitangaza vingine.
Sajini Acidri akazizima zote, akaomba chai.
Yule kijana hakushuka tena. Nilimwona nyuma ya kioo,
amelala, au anajifanya amelala.

Siku hizi nauza petroli Migyera, kando ya barabara ya Gulu,
kwenye chupa za maji, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu.
Vijana wa bodaboda wamenipa jina: Mzee Swali.
Kabla sijamimina lazima niulize,
"Unakwenda nayo wapi?"
"Lita moja tu, mzee!"
"Nimesikia. Lita moja inafika wapi?"
Baadhi hukasirika, huvuka barabara kwa Nakabiri,
ambaye hupokea pesa na kumimina, haulizi kitu,
na biashara yake, kusema kweli, inashinda yangu.

Ufunguo wa sanduku langu la pesa
unaning'inia kwenye kamba ya kiatu.
Imekatika mara mbili.
Nimeifunga fundo, naendelea kuivaa shingoni.