Mbele, Kushoto

Baba anauliza: ni ko, au ni kwa?
Nasema si ko, si kwa,
ni kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa
na amechoka kugonga.
Anafuta spana kwa tambara.
Huo si mlio, asema, hiyo ni hadithi.
Nipe mlio.

Zamani hakuuliza.
Gari likivuka daraja la mfereji, mbali kule chini ya kanisa,
yeye yuko jikoni, kijiko mdomoni:
"Bushi ya Fidencio imekufa."
Na kesho yake Fidencio huyo mlangoni,
bushi mkononi, imemeguka kama biskuti.
Sasa sikio la kulia limefunga duka,
la kushoto linapokea wageni wachache,
wale wanaopiga kelele.
Miaka arobaini ya nyundo na kompresa.

Chevrolet ya themanini na tano,
rangi ya samli iliyochacha,
mlango mmoja wa kuazima.
Inalia tukikata kona ya kulia kushuka bonde la Mora,
inalia juu ya yale mabomba
yaliyolazwa barabarani kuzuia ng'ombe,
na tukimpelekea fundi wa mjini hailii kabisa,
kama mtoto aliyebebwa usiku kucha
akapona mlangoni pa zahanati.

Tumebadilisha bolijointi, juu na chini.
Tumebadilisha shokamzoba; ndama mmoja akaenda.
Fidencio alisema beringi, akaapa.
Mkwewe akasema tairodi,
na binamu wa mkwewe, ambaye hana hata baiskeli,
akasema uzeni.
Tukainua tairi kwa jeki,
tukalitikisa kama jino la maziwa.
Halikutikisika.

Leo theluji imeyeyuka nusu ya uwanja.
Baba amejilaza juu ya ubao, amejisukuma chini ya injini,
vimebaki viatu.
"Zulema, usukani. Kidogo tu.
Usikate tairi. Bembeleza."
Nabembeleza.
Ko.
"Inalia?"
"Inalia!" napiga kelele.
Anahamisha mkono.
Simwoni, ila najua: kiganja juu ya tairodi,
kisha mkono wa chini, kisha springi,
kama mtu anayepapasa swichi gizani
katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.
"Inalia?"
"Inalia!"
Kisha kimya. Viatu vimetulia, vidole juu,
na mimi nimeshika usukani, roho mkononi.
"Baba?"
"Tena."
Ko.
"Tena."
Ko.
"Ninayo," asema polepole,
kana kwamba itasikia ikatoroka.

Anakwangua kwa kisu grisi na udongo,
safu juu ya safu, matope ya miaka ambayo mama alikuwa bado anaendesha.
Pale chesisi inapobeba boksi la usukani,
ufa.
Mwembamba kama unywele.
Nikikata kulia unafunguka,
nikirudisha unafumba.
Ananivuta mguu nishuke, ananiwekea kidole changu juu yake,
anapanda yeye kutikisa.
Umenifinya.
"Tulikuwa tunabadilisha kila kinachosogea," asema,
na hapo anacheka, meno yote,
kama aliyeibiwa na mtu anayempenda.

Fidencio kaja na mashine ya kuchomelea na bamba la chuma,
anadai alisema tangu mwanzo.
Tumemwachia.

Jioni naendesha mimi.
Kona ya kanisa: kimya.
Mabomba ya ng'ombe: mtikisiko wake wa kawaida, hakuna zaidi.
Baba anatazama mbele, mikono mapajani.
"Unasikia nini?"
Namhesabia.
Chupa tupu chini ya kiti.
Mto, umejaa.
Kitasa cha ule mlango.
Mbwa wa kina Archuleta.
"Basi?"
"Basi."

Sikumtajia mluzi,
mwembamba, umepinda kidogo nje ya sauti,
unaotoka kati ya meno yake
tangu tuvuke daraja.