Nafasi Sitini

Barua ya wizara ilifika Jumanne, pamoja na mvua,
bahasha imelowa pembe moja.
Niliifungua mimi. Mimi hufungua zote:
za bili, za chawa,
za wazazi wanaoandika kwa hasira bila nukta.
Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye meza hii
kati ya kengele na mlango,
katika mji wa Ailandi ambao juzijuzi ulikuwa mashamba ya viazi
na leo ni nyumba, nyumba, nyumba,
kila moja na baiskeli ndogo imelala nyasini.

Fedha imeidhinishwa, ilisema,
kwa ajili ya kuunda nafasi sitini.

Kuunda. Neno la seremala.
Nikakaa na lile jingine mchana kutwa.
Nafasi ni kitu gani, hata serikali iinunue?
Si kiti. Viti tunavyo, vimebebana koridoni.
Mtu akisema hana nafasi, pengine hana muda,
pengine hana pa kuweka mguu,
pengine hakutaki tu.

Tuna chumba cha bati uani.
Kililetwa na lori, kwa msimu mmoja wa baridi.
Msimu huo sasa una miaka kumi na moja.
Fiachra, aliyejifunzia humo kusoma saa, siku hizi ananyoa ndevu.
Mvua ikipiga paa, mwalimu Caoilinn husema tisa,
watoto wakaandika sita,
naye huwapa alama, maana hata yeye hakujisikia.

Daftari langu la wanaosubiri lilikuwa na majina themanini na matatu.
Kutoa najua.

Nikapiga simu Dublin. Akapokea kijana mwenye mafua,
mpole, akiburura karatasi.
Idadi, akasema, imetokana na takwimu za miaka sita iliyopita.
Nikamwambia: wakati huo hawa walikuwa hawajazaliwa.
Akapenga kamasi.
Ndiyo maana, akasema, hawamo.

Sikumchukia. Alinipa namba ya mtu mwingine,
na yule mtu mwingine alikuwa likizoni.

Basi wakajenga. Tope mpaka Pasaka.
Kreni ya manjano iliwatoa watoto kwenye hesabu
wakawa wanahesabu matofali.
Siku ya ufunguzi mkasi ulikuwa butu;
utepe ulikatwa mara tatu, na tukapiga makofi mara tatu.

Jurgita huja kila Jumatatu, akitoka zamu ya usiku
kwenye banda la uyoga, kucha zina udongo mweusi.
Dovydas wake ni wa sitini na moja.
Haombi, hapigi meza.
Husimama mlangoni na kuuliza, kuna nafasi?
kama mtu anayetaka kuketi kwenye benchi la bustani
karibu na mgeni.
Nami, ninayejua majina yote, hutazama daftari
kana kwamba huenda limejibadilisha usiku.

Ijumaa iliyopita Colmán alikuja kufunga kulabu za makoti.
Alipiga magoti ukutani na utepe wake wa kupimia:
mita moja, si zaidi,
mwenye koti ana miaka minne.
Nilimsikia akihesabu chinichini hadi sitini, akanyamaza.
Halafu akaniita.
Huuzwa nanenane, akasema. Zimebaki nne.
Nizirudishe dukani?

Kulabu si kiti, najua.
Si mwalimu, si mshahara wa mwalimu,
na mkaguzi akija na karatasi yake itasema sitini.
Lakini mimi ndiye nitakayemfungulia mlango,
na sijawahi kumwona mkaguzi akihesabu kulabu.

Funga, nikamwambia.

Skrubu ya kwanza ilikataa.
Akaitema sakafuni,
akaanza kutafuta nyingine mfukoni.