Moja kwa Hamsini

Mwalimu Ndealilia hakutaka picha za hoteli.
Alitaka nyumba tulizokulia,
kila ukuta, kila upenyo, kila swichi,
kwa kipimo cha moja kwa hamsini.
"Usanifu wa ndani si mapazia," alisema.
"Nileteeni mlikolala."

Nikarudi Tanga, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Saba,
futi ya chuma mfukoni,
mama akinifuata chumba hadi chumba
akiionea haya futi kama mgeni wa ghafla:
"Uvunguni usipime, hakujafagiwa."
Nikapima uvungu.
Nikapima dirisha ambalo tangu nizaliwe hufunguka nusu,
kwa kuwa kabati la harusi yake
halina pengine pa kusimama.
Nikapima msumari wa kanzu ya marehemu baba:
mita moja na themanini na mbili kutoka sakafuni.
Alikuwa mrefu. Nilikuwa nimeanza kusahau.

Saa nne asubuhi upande wetu ukaisha.
Nyumba haikuisha.

Nusu nyingine ni ya Ba'mdogo Mbaruku,
na mlango wake sikuwahi kuuvuka
tangu yeye na baba wagawane urithi kwa kamba ya mkonge
mbele ya mashahidi na sinia la halua.
Miaka kumi na tisa
tumemjua kwa redio, kwa kikohozi,
kwa mwiko unaogonga sufuria.
Siku ya Idi sahani hupita juu ya ukuta wa uani,
mkono kwa mkono, bila uso.

Nikapiga hodi.
"Nimekuja kupima," nikasema,
maana "nimekuja kukusalimu"
ingekuwa ndefu kuliko futi yangu.

Akanitazama. Akaitazama futi.
Akashika ncha bila kuombwa,
akaibana pembeni kwa dole gumba.
"Vuta. Imelegea. Vuta tena."

Tukajumlisha mkekani.
Nje: kumi na mbili na sitini.
Ndani, chumba kwa chumba, ukuta kwa ukuta:
kumi na mbili na kumi na tisa.
"Umekosea."
Tukarudia. Sikukosea.
Sentimita arobaini na moja hazipo kwake, hazipo kwetu.

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la msuli.
"Hizo," akasema, "ni zetu.
Baba yako alijenga ukuta wake. Mimi nikajenga wangu.
Hakuna aliyetaka kuegemea wa mwenzie."

Humo katikati paka huzaa.
Humo umo mpira wangu wa kwanza.

Usiku nikachora.
Ugomvi wa miaka kumi na tisa,
moja kwa hamsini,
ni milimita nane. Naufunika kwa ukucha.
Kila chumba katika ramani sharti kiwe na jina:
jiko, ukumbi, stoo.
Hicho nikakiacha kitupu.

Asubuhi Ba'mdogo aliingia kwa mlango wetu.
Mama akamsogezea kigoda,
kisha akakumbuka kwamba sukari imekwisha,
kisha akakumbuka kwamba haijakwisha.
Akaishika ramani juu chini, hakuigeuza.
Kidole chake kikatua penye pengo.
"Hapa," akasema, "kabati lingeingia,
dirisha likapumua."

"Kabati lina sitini," mama akamjibu,
akiiambia birika.

Ba'mdogo akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza.
"Zitakazopungua," akasema,
"chimbeni kwangu."