Sabuni ya Elfu Themanini

Aliniuliza habari za nyumbani kwa Kijita,
na hapo ndipo aliponipata.
Basi limesimama Nyegezi, injini inaunguruma,
mkono umeingia dirishani na simu inayowaka:
akanipiga picha, akanionyesha uso wangu,
uso wa mtu aliyebeba magunia ya choroko Kahama
miezi mitatu, akitafuta zawadi ya harusi ya dada.
"Mjomba, fanya upesi, mgambo wa stendi wanakuja."
Nikafanya upesi.

Kirumba, gesti ya Nkwimba, chumba namba nne,
nikalifungua boksi chini ya taa.
Kipande cha sabuni ya mche,
kimekatwa kwa waya, kingo zimenyooka,
kimepimwa kikalingana na simu gramu kwa gramu.
Fundi yule! Angekuwa seremala
ningempa milango ya nyumba yangu yote.
Sikulia. Nilihesabu magunia.

Nkwimba alileta maji ya kuoga, akaona, hakuuliza.
Akaenda akarudi na droo nzima mikononi:
pete ya dhahabu ya Geita iliyoota kutu,
risiti ya hoteli ambayo haijawahi kujengwa,
tiketi ya meli ya tarehe thelathini Februari.
"Wageni wangu huviacha hapa," akasema,
"hawataki kufika navyo kwao."
Akakalia ndoo iliyopinduliwa.
"Mwizi hukimbia, mwanangu. Tapeli hukukimbiza wewe.
Ukisikia moyo unapigiwa honi, keti. Agiza chai.
Kitu cha kweli kitakungoja umalize kikombe."
Simu yangu ya zamani, yenye kioo cha nyufa, ikalia:
Ile hela tuma kwenye namba hii.
Tulicheka mpaka chumba namba tano wakagonga ukuta.

Asubuhi, Bandari ya Kaskazini,
nilikuwa nimeshakuwa jiwe.
Begi mgongoni, nauli ndani ya soksi,
nikapanga foleni dirishani, nikahesabu chenji mara mbili.
Kijana mmoja akanifuata: "Kaka, samahani, kaka..."
Nikamkaripia hadi watu wakageuka.
Akarudi nyuma, akanyoosha kidole tu:
zipu ilikuwa wazi,
mkono wa shati langu unaning'inia kama unaaga.
Mpaka leo sijui jina lake.
Mwanza ina mawe ya kutosha, haikunihitaji mimi.
Hilo Nkwimba hakuniambia,
au aliniambia wakati ule nacheka.

Nansio, mashemeji wamejaa uani,
Nyangeta akakata selotepu kwa meno.
Kimya. Hata kuku.
Ningeweza kusema nilivamiwa na watu wenye mapanga;
uongo huo nilikuwa nimeufanyia mazoezi
tangu meli ilipoliacha nyuma jiwe la Bismarck.
Nikasema: niliinunua mwenyewe. Elfu themanini.
Na nikamwomba aniongezee mfuko.

Baba mkwe akakohoa.
Yeye, mwaka ule pamba ilipolipa, aliuziwa injini ya boti,
kasha zuri, misumari mipya, ndani matofali.
Hakuwahi kumwambia mtu. Mkewe alijua ilizama.
Mkewe akamtazama.
Shangazi Mkami alilipia kiwanja Buswelu,
akaenda kukipima akakuta makaburi ya watu.
Mwalimu wa hesabu, wa hesabu!, akavuta kiti karibu,
na wali ukaungua jikoni, hakuna aliyenyanyuka.

Usiku nikasikia sufuria za harusi zinasuguliwa.
"Inatoa povu hii," Nyangeta akapaza sauti, "njooni muone."
Kwa haki yake,
ilikuwa sabuni nzuri.